Dimbwi la Milimita Moja

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Hakuna aliyemwita Pimamaji kwa dhihaka. Ile rula nene yenye kichupa cha maji na kipovu katikati, ambayo mafundi huilaza juu ya kazi kujua kama imenyooka, yeye alitembea nayo miaka arobaini, na alipostaafu alikataa katakata kuachana nayo. Aliilaza juu ya meza kabla ya kula. Aliilaza juu ya kabati, juu ya televisheni, juu ya mfuniko wa tangi la maji. Siku moja mkewe aliamka kutoka usingizi wa mchana akaikuta imelala juu ya tumbo lake.

"Umeinamia kushoto," mumewe akamwambia, bila hata chembe ya aibu.

"Na wewe utainamia mlangoni sasa hivi," mke akajibu, "ukatafute cha kufanya."

Hivyo ndivyo fundi zege aliyemwaga nusu ya ngazi, mitaro na sakafu za mji ule alivyojikuta, akiwa na miaka sitini na sita, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, akiwatazama wastaafu saba waliokuwa wakigombania gundi. Walikuwa wanatengeneza stesheni ya treni ya zamani, ile iliyobomolewa mwaka jana ili ijengwe mpya yenye vigae vya kung'aa. Kila kitu kilipunguzwa mara arobaini: jukwaa la mita themanini likawa mita mbili, na abiria mzima akawa na urefu wa kidole cha mwisho. Kazi ikiisha ingewekwa ndani ya kioo, kwenye ukumbi wa kusubiria wa stesheni mpya, watu waone walipotoka.

Kichwa cha treni kilikuwa safi. Madirisha yalikuwa safi. Mabomba, taa, hata kopo la taka, vyote safi. Halafu Pimamaji akaona jukwaa.

"Hiki nini?"

"Jukwaa," akasema mwenyekiti wao, mwanamke aliyefundisha jiografia miaka thelathini na ambaye sauti yake bado iliweza kupanga watu mstari. Wote walimwita Mwalimu.

"Hili boksi la viatu lililopakwa rangi ya kijivu?"

"Ni kadibodi, ndiyo."

"Mwalimu, na heshima zangu zote, huu ni uji uliopoa."

Mwalimu akavua miwani polepole. "Basi lete lako."

Hapo alikuwa amemgusa pabaya. Pimamaji alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeitwa kujenga bwawa. Akachekecha mchanga, akapima saruji, akapiga mbao za boksi la kumwagia zege, akamwaga jukwaa lake juu ya meza ya kupigia pasi ya mkewe. Siku saba alilinyunyizia maji asubuhi na jioni, kama alivyofundishwa ujanani. Siku ya nane meza ikapiga magoti. Jukwaa likaanguka sakafuni kwa kishindo kilichomtoa jirani nje, na halikupata hata mkwaruzo.

"Umeona zege hilo?" akamwambia mkewe, macho yaking'aa.

"Naona meza," mkewe akasema.

Walilibeba watu wawili hadi maktaba. Mwalimu akachukua abiria mmoja mdogo mwenye mkoba, akamsimamisha juu yake. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, akafuata wa pili, mwisho wakawa wanashikana mabega. Punje ya mchanga ya kawaida, ukiipigia hesabu mara arobaini, ni jiwe la ukubwa wa chungwa. Yule bwana mwenye mkoba alionekana kama anavuka mto uliokauka, na mkoba wake, na suti yake.

"Lakini hili ndilo zege la kweli!" Pimamaji akafoka.

"Ndiyo shida yake," Mwalimu akasema, akifuta machozi. "Zege la kweli likiwa dogo halifanani na zege."

Maneno hayo yalimkaa kichwani wiki nzima. Alipokuja kuyakubali, aliyakubali kwa pupa, maana huyu mzee hakujua kupenda kitu nusunusu. Aliacha saruji akachukua jasi, ule unga mweupe wanaopambia dari, akauchuja kwenye soksi ndefu ya mkewe hadi ukawa laini kama poda ya mtoto. Aliukoroga, akaligongagonga boksi ili mapovu yapande, akausawazisha kwa rula ya shule. Ulipokauka alipata kitu cheupe, chepesi, kilichonyooka, kisichofanana na chochote duniani isipokuwa sabuni.

Sasa ndipo raha ilipoanza. Kwa maana zege, msomaji wangu, si la kijivu. Ukidhani ni la kijivu, hujawahi kulitazama. Lina njano ya vumbi, lina kijani chini ya bomba linalovuja, lina weusi mahali pa matairi na wekundu chini ya kila msumari. Pimamaji alikuwa amelitazama miaka arobaini kwa jicho la adui. Kila ufa ulikuwa fedheha yake, kila kitundu cha povu alikiziba kabla msimamizi hajapita. Leo ghafla anatakiwa kuzitengeneza aibu zilezile, moja baada ya nyingine, kwa sindano na brashi yenye nywele sita. Alijiona kama daktari aliyeambiwa aambukize mafua.

Na alifurahi! Alifurahi kupita kiasi. Alitoboa vitundu vya mapovu kwa sindano ya kushonea, akagundua kwamba akivipanga vizuri vinaonekana vya uongo, ikabidi ajifunze kutovipanga, na hilo likamshinda siku tatu, maana mkono wake haukujua kufanya kitu ovyo. Alichora nyufa kwa wembe. Alipaka maji yenye wino mweusi kidogo sana, akayaacha yatambae yenyewe kwenye nyufa, akayatazama yakitambaa huku amefunika mdomo kwa mikono miwili. Alisugua misumari yenye kutu juu ya sahani akapata unga mwekundu, akauchanganya na chai ya jana. Mswaki wa mkewe ulitumika kurushia madoadoa. Mkewe alinunua mwingine, ukatumika nao.

Alianza pia kutembea mjini akitafuta mifano, na hapo ndipo watu walipoanza kumuuliza mkewe kama mzee anaumwa. Alilala kifudifudi pembeni ya barabara kutazama ukingo wa lami. Alisimama nusu saa mbele ya ukuta wa zahanati akitikisa kichwa kwa mapenzi. Kwenye maegesho ya magari mlinzi alimkuta amechuchumaa nyuma ya nguzo.

"Mzee, umepoteza nini?"

"Natafuta doa."

"Doa gani?"

"La mafuta. Lakini kuukuu, ambalo limeshapigwa na mvua."

Mlinzi akafikiri. "Ghorofa ya pili," akasema, "kuna moja zuri sana." Wakapanda pamoja, na kweli lilikuwa zuri, na wakasimama juu yake wakilisifia kama wachumba wanaoangalia kiwanja.

Baada ya wiki tano alipeleka jukwaa lake maktaba, limefunikwa shuka. Mwalimu akamsimamisha yule abiria mwenye mkoba, na safari hii kilichosikika ni pumzi. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa treni aliinama hadi pua ikakaribia kugusa, akasema kwa sauti ndogo, "Hapa ndipo nilikuwa nasimamisha kichwa cha treni. Mafuta yalikuwa yanadondoka hapahapa." Pimamaji alijisikia mrefu kama mnara. Kisha Mwalimu akazunguka meza mara mbili, akakunja uso.

"Na dimbwi liko wapi?"

Pimamaji akachukua brashi, akaanza kuifuta. Alikuwa ametumaini watasahau, kana kwamba kuna mtu mjini pale angeweza kulisahau. Karibu na mlango wa kutokea, jukwaa la kweli lilibonyea kidogo, na mvua ikinyesha maji yalituama hapo. Mji mzima ulijifunza kuliruka. Mabwana harusi waliliruka, masanduku yalitumbukia, na Mwalimu mwenyewe aliwahi kukaa ndani yake mbele ya darasa zima. Bila dimbwi ile haikuwa stesheni yao.

Lilikuwa na mwenyewe, pia. Mwenyewe alikuwa shemeji yake Pimamaji, kaka wa mkewe. Miaka thelathini na moja iliyopita walimwaga jukwaa lile wawili bega kwa bega, Pimamaji akisawazisha, shemeji akichanganya. Kesho yake, zege lilipokutwa limebonyea, msimamizi alitoa hukumu bila kushuka kwenye baiskeli: mchanganyiko ulizidi maji. Mchanganyaji ni nani? Tangu siku ile mji ukamwita Dimbwi. Alilipokea jina kwa kicheko, maana alikuwa mtu wa kicheko, lakini hakugusa zege tena. Alikwenda kuuza magodoro, kitu ambacho kubonyea ndiyo kazi yake, kama alivyopenda kusema mwenyewe kabla watu hawajamtangulia.

Na mchanganyiko haukuzidi maji hata tone. Hilo alilijua mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amesimama hapo akijifanya anafuta brashi.

"Nitalitengeneza," akasema.

"Vizuri. Na mimi nimeshaandika kadi yake." Mwalimu akaitoa kwenye bahasha. Kila kitu ndani ya kioo kingekuwa na kadi ndogo yenye maelezo. Akasoma kwa madaha: "'Dimbwi maarufu la stesheni. Kazi ya Bwana Dimbwi, aliyezidisha maji.' Atavunjika mbavu! Nimemwalika Ijumaa aje alione kabla hatujalipeleka."

Wote wakacheka. Pimamaji akacheka nao, kicheko kikavu. Jina la mdomoni lina siku zake, watu wakifa linakufa nao. Lakini kadi ndani ya kioo, kwenye stesheni, itasomwa na watu ambao hawajazaliwa. Uongo wake ulikuwa unataka kupewa nyumba ya kudumu, na taa juu.

Siku nne zilizofuata alilitengeneza dimbwi. Kwa vipimo lilikuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba na kina cha milimita moja, na hakuna kitu kingine kilichopata kumtoa jasho kama hicho. Wenzake walimpa picha ya zamani lakini hakuitazama sana. Alilijua. Alilikwangua kwa kijiko cha chai, akalilainisha kwa kidole kilicholowa, akalipaka ukingo mweupe wa chumvi ambao maji huuacha yakikauka. Lilikuwa na umbo la vishimo viwili vilivyoungana, kimoja kikubwa kuliko mwenzake, na alivitengeneza vyote viwili sawasawa jinsi vilivyokuwa. Angeweza kulifanya duara tu, na nani angejua? Mkono ulikataa. Umezoea kusema kweli, ule mkono, hata mdomo ulipokuwa umefungwa. Na kila alipoinuka kuosha kijiko alijiambia, nisiposema Ijumaa basi tena.

Ijumaa mchana Dimbwi alikuja, amevaa shati la kutokea, na dada yake, mke wa Pimamaji, kamshika mkono. Aliingia akichekesha watu tangu mlangoni.

"Nimesikia mmenijengea mnara!"

"Dimbwi," dereva akasema, "shuka uoge."

Mwalimu akamvuta mbele ya meza, akainua kadi, akakohoa. Alikuwa amefika kwenye "Kazi ya Bwana" pale Pimamaji aliposema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia:

"Si kazi yake. Ni kazi yangu."

"Tunajua umelitengeneza wewe, mzee," Mwalimu akasema kwa upole.

"Si hili. Lile. La kweli. Nililibonyeza mimi."

Mwalimu akashusha kadi. Kisha chumba kikalipuka kwa kicheko. Dereva aligonga meza mpaka abiria watatu wakaanguka. Pimamaji kubonyeza zege! Mtu anayepima sufuria kabla ya kupika! Dimbwi mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, akimpiga shemeji yake mgongoni. "Acha bwana, usiniibie sifa yangu. Nimeihangaikia."

Maskini mzee. Miaka thelathini na moja alikuwa ameogopa kukiri, na haikuwahi kumjia akilini kwamba akikiri hataaminiwa. Alijaribu kueleza, wakazidi kucheka. Alikula kiapo, wakashika mbavu. Mwisho akapiga moyo konde, akavua viatu, akasimama katikati ya chumba.

"Huyu alipelekwa hospitali kujifungua asubuhi ile," akasema akimwonyesha mkewe. "Shemeji alikuwa kwenye mashine, anachanganya. Mimi nilikuwa nimemaliza kusawazisha kipande cha mwisho, kimenyooka kama kioo. Akaja mtu anapiga kelele kwa mbali: ni msichana! Na mimi nikafanya hivi."

Akafanya. Aliruka, mzee wa miaka sitini na sita mwenye soksi zilizotoboka, mikono juu, akatua kwa miguu miwili. Akaruka tena. Akazunguka, akatikisa kiuno, akapiga kelele ya "Msichana! Msichana!" mpaka mtunza maktaba akafungua mlango, akaona, akaufunga. Chupa za rangi zilicheza rafuni.

"Nikaruka juu ya zege bichi," akasema akihema. "Miguu miwili. Nikaziba harakaharaka kwa mwiko nikakimbia kwenda kumwona mwanangu, na usiku likashuka. Tazameni umbo lake. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Kesho yake msimamizi aliposema ni maji, nikafungua mdomo niseme. Sikusema. Nilikuwa nimeahidiwa cheo cha fundi mkuu, na mtoto nyumbani. Nikasema nitasema kesho."

Wote waliinama juu ya meza, na sasa kila mmoja aliziona wazi, nyayo mbili.

Mkewe ndiye aliyeongea. "Ndiyo maana," akasema taratibu. "Ulikuja wodini unatembea kama sanamu. Zege limekauka mpaka kwenye vifundo. Manesi walikuvua viatu kwa nyundo. Na mimi mjinga nikasema, masikini mume wangu, anavyojituma!" Hakuna aliyejua kama anataka kucheka au kumrushia kitu, naye mwenyewe hakujua.

Dimbwi alikuwa bado anatazama jukwaa. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni taratibu, na bila kicheko hicho alionekana mtu mwingine, mtu ambaye hata dada yake hakuwa amemwona siku nyingi.

"Na maji?" akauliza.

"Maji gani, shemeji?"

"Yangu. Ya mchanganyiko. Nilizidisha?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata tone. Lilikuwa zege zuri kuliko yote niliyowahi kusawazisha. Walipolibomoa mwaka jana mashine ilihangaika siku mbili."

Dimbwi akavuta kiti akakaa. Akazitazama mbele na nyuma za mikono yake kama anayekaguliwa kucha. "Nimehesabu zile ndoo miaka thelathini na moja," akasema. "Nikiwa dukani, nikiwa bafuni. Moja, mbili, tatu, nusu. Nasema labda ile nusu ilikuwa nzima. Kumbe maji yangu yalikuwa sawa."

Aliinuka, akaenda zake, na hakuaga. Dada yake alimfuata. Mwalimu alichana kadi vipande vinne, akabaki navyo mkononi.

Siku tatu Pimamaji hakula vizuri. Alikuwa na kazi bado, ukuta mdogo wa tangi la maji na ngazi zake nne, lakini kila alipokoroga jasi ilimshinda. Mara nzito, mara nyepesi, mara imeganda kwenye kikombe. Mkewe alimwandalia chai bila kumsemesha, na kwa mwanamke yule kunyamaza ilikuwa adhabu kubwa kuliko yoyote ambayo kuvunja meza ya pasi kungeweza kustahili. Alitaka kwenda duka la magodoro. Alifika mara mbili hadi kona, akarudi.

Asubuhi ya siku ya nne alikuwa uani, anakwangua kikombe kilichoganda, alipoona kivuli mezani. Shemeji yake alikuwa amesimama, amevaa shati la zamani la kazi ambalo vifungo vyake vilikuwa vimegoma kufika tumboni. Alichungulia ndani ya kikombe.

"Hii nini?"

"Jasi."

"Hii? Huu ni uchafu. Nani kakufundisha kuchanganya?"

"Shemeji, mimi nilitaka nikwambie kwamba..."

"Nimekasirika," Dimbwi akasema. "Nimekasirika sana, na nitaendelea, usinipangie. Jina libaki, nimeshalizoea, hata wateja wanalijua. Kadi Mwalimu aandike ulivyoruka. Atachora na mchoro, nimemwambia. Lakini hilo baadaye." Akaanza kukunja mikono ya shati. "Sogea."

Pimamaji akasogea.

Dimbwi akatia unga kwenye bakuli, akachukua kopo la maji. Hakupima. Akainamisha kopo, maji yakaingia kwa uzi mwembamba, akaacha, akaongeza tone, akaacha. Akakoroga. Pimamaji alichovya kidole, akakiinua, na wote wawili wakaitazama jasi ikishuka kidoleni polepole, nzito inavyotakiwa, bila kukatika.

"Aisee!" Pimamaji akapiga kelele.

"Aisee!" akapiga kelele Dimbwi, na machozi yakimtoka, akampiga shemeji yake ngumi ya bega iliyouma kwelikweli. "Mwaga, inaganda! Mwaga wewe mzee, unangoja nini?"